Wanakwaya Wasikilizane Kwanza: Mwongozo kwa Anayetaka Wimbo Uguse

Haleluya ya Handel huimbwa sana Pasaka na Krismasi katika makanisa yetu, na mara nyingi huimbwa na kwaya mbili au tatu zilizounganishwa, kinanda kikiwa juu na spika zikiwaelekea waumini. Oratorio yenye wimbo huo ilipoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwaya ilikuwa na waimbaji wapatao 32, wanaume na wavulana kutoka makanisa makuu mawili ya mji ule, na hapakuwa na chombo cha kukuza sauti ya mtu. Ninaanza na idadi hiyo kwa sababu wewe mwalimu wa kwaya, unapotaka wimbo uwaguse watu, kishawishi cha kwanza ni kuongeza: kuongeza waimbaji, kuongeza sauti, kuongeza vyombo, kisha kusimama mbele ya wanakwaya na kuwaambia waimbe kwa hisia. Hisia haziji kwa kuamriwa. Anayeambiwa aimbe kwa hisia hukunja uso, hufumba macho, hupaza sauti, na wimbo unabaki ulivyokuwa. Ninachoshikilia katika mwongozo huu ni kwamba nguvu ya wimbo mtakatifu wa pamoja hutokana na kazi ambayo waimbaji huifanyiana: huvuta pumzi pamoja, husikilizana, na humaanisha maneno yale yale kwa wakati ule ule. Kazi hiyo hufundishika. Hufanywa kwenye mazoezi, wiki nyingi kabla ya Jumapili yenyewe, na kitu kinachoibeba yote ni kusikilizana.

Anza na pumzi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya wimbo inayoingia mwilini moja kwa moja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi, wakiongozwa na Björn Vickhoff, walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo vya vijana wa miaka 18 waliokuwa wakiimba pamoja. Walipoimba wimbo wa kanisani kwa sauti moja, mioyo yao ilikwenda kasi na kupunguza kasi kwa pamoja, ikifuata mistari ya wimbo. Sababu yake inaeleweka: moyo huongeza kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na hutulia anapoitoa, na mwimbaji huvuta pumzi pale tu wimbo unapompa nafasi. Wimbo ukiwa mmoja, pumzi huwa moja, na mioyo hufuata. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, katika jarida la kitabibu la BMJ, walikuwa wameeleza jambo linalokaribiana na hilo kuhusu sala: watu waliosali rozari kwa Kilatini, kwa kupokezana kama ilivyo desturi, pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwili ukasawazisha msukumo wa damu vizuri zaidi. Beti nyingi za nyimbo za ibada zina mistari inayochukua muda unaokaribia huo, sekunde nane au kumi kwa pumzi moja. Utulivu unaowashukia watu katikati ya wimbo wa taratibu una mizizi yake hapo.

Kwa hiyo usiiache pumzi ijipangie. Kabla ya kufundisha sauti hata moja, someni ubeti wote kwa pamoja, kwa mwendo wa wimbo, mkubaliane mahali pa kupumua, na kila mtu aweke alama ya penseli kwenye karatasi yake. Kisha uvumisheni ubeti huo midomo ikiwa imefungwa, kila mmoja akisikiliza tu mahali hewa inapoingia. Pumzi ya thamani kuliko zote ni ile inayotangulia noti ya kwanza. Mkono wako unapopanda, kwaya nzima ivute hewa kwa kasi ile ile wimbo utakayokwenda nayo. Wimbo wa taratibu hauwezi kuzaliwa na pumzi ya haraka. Ukiona bega moja limechelewa, simamisha, anza upya, hata kama ni mara ya tano. Kwenye mstari mrefu usiopaswa kukatwa, wafundishe kupumua kwa zamu: jirani anapovuta hewa wewe unashikilia, naye akirudi, arudi kwa sauti ndogo ili mshono usisikike. Mwanakwaya aliyewahi kuimba hivyo anajua mwilini mwake kwamba mstari ule ulisimama kwa sababu ya wenzake. Na kwa kuwa hewa hiyo ni ya pamoja kwelikweli, fungua madirisha ya chumba cha mazoezi. Mwezi Machi 2020, baada ya mazoezi ya kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, watu zaidi ya 50 kati ya 61 waliohudhuria waliugua UVIKO-19, na wawili wakafariki.

Kusikilizana ni kugumu zaidi, na ndiko tunakokuharibu kwa mikono yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya amelishuhudia: mtu akizingirwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Fuata mnyororo wake kanisani. Kinanda kinapandishwa, wanakwaya hawajisikii, wanaanza kupiga kelele. Koo zinakaza, sauti ya kwanza inapanda juu ya ufunguo, sauti ya nne inamezwa. Fundi mitambo anaona besi imepotea, anaongeza tena. Mwishoni kila mtu amechoka na hakuna aliyemsikia mwenzake. Sten Ternström wa Stockholm, aliyechunguza sauti za kwaya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba waimbaji hupenda kuisikia sauti yao wenyewe ikiwa juu kidogo ya sauti za wengine. Ikizidi mno, mtu anaimba peke yake katikati ya umati. Ikipungua mno, hajui kama anaimba sawa au anakosea. Mwanakwaya anahitaji vyote viwili, kujisikia na kuwasikia, na wewe ndiye unayepanga chumba ili avipate. Waache wasimame kwa nafasi, angalau upana wa mkono mmoja kati ya mtu na mtu, badala ya kubanana kama tunavyozoea. Wapange nusu duara ili sauti ya kwanza iwaone wa sauti ya nne. Mara kwa mara wachanganye kabisa, kila mmoja akisimama kati ya watu wa sauti nyingine, na waimbe wimbo wanaoujua bila karatasi. Chagua hata Wimbo wa Taifa: Mtanzania ana sala yenye asili ya kwaya iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, na Mkenya ana sala iliyowekwa juu ya tuni ya Wapokomo. Maneno hayahitaji kufikiriwa, kwa hiyo masikio yanapata nafasi. Waambie waimbe kwa sauti ndogo kiasi kwamba kila mmoja aweze kutaja jirani gani ameimba nini. Mara ya kwanza watashangaa kiasi cha makosa waliyokuwa wakiyafunika kwa nguvu.

Kuna sababu nyingine ya kuzima kinanda kwa sehemu kubwa ya mazoezi, nayo iko katika fizikia ya sauti. Kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Mgawanyo huo unarahisisha kubadili ufunguo, lakini unaiacha mi ikiwa juu kidogo ya mahali ambapo sikio lingeipenda ikae juu ya do, kwa kiasi cha karibu moja ya saba ya umbali uliopo kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Ni tofauti ndogo, lakini inasikika: sauti zinapopishana hivyo hutoa mtetemo wa kupandapanda na kushukashuka. Wanakwaya wanaosikilizana, wakiachwa bila chombo, huishusha mi polepole mpaka mtetemo ule utulie, na hapo mpatano wa sauti unafunguka, unajaa, na mara nyingine husikika kana kwamba kuna sauti ya ziada juu yao ambayo hakuna aliyeiimba. Watu husimamiwa na nywele wasijue kwa nini. Zoezi lake ni rahisi: sauti ya nne ishike do, ya tatu iingie na sol, kisha sauti ya pili ilete mi kwa upole na kuitafutia mahali. Usiwaambie juu au chini. Wape muda, wasikilize. Dakika tano za zoezi hili mwanzoni mwa kila mazoezi, kwa irabu moja tu, zitaibadilisha kwaya yako zaidi, ndani ya miezi michache, kuliko spika mpya.

Najua jibu litakalokuja: watu wetu wanapenda kinanda na gitaa, vijana wataondoka, na kwaya za Afrika Mashariki zimejijengea mtindo wake wa vyombo ambao ni mali yetu halali. Yote ni kweli, na simwombi mtu auache mtindo huo. Ninachoomba ni mpangilio wa kazi. Wimbo ujifunzwe na kukomaa bila chombo, kinanda kiletwe mwishoni, na mpigaji aelezwe kwamba sauti yake ikae chini ya maneno. Kisha chagua ubeti mmoja, kwa kawaida ule wenye maneno mazito kuliko yote, na uimbwe mtupu, vyombo vikae kimya, virudi kwenye kiitikio. Kwaya isiyojifunza kusikilizana huanguka mahali hapo, na ndiyo maana walimu wengi hawathubutu. Mwingine atauliza kuhusu wingi: mbona mkutano mkubwa wa injili wenye maelfu husisimua kuliko kwaya ya watu 20? Hoja hii ina ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha kwaya ndogo za London, za watu kati ya 20 na 80, na siku zilipokusanyika kuwa kwaya moja ya watu 232. Hisia ya ukaribu iliongezeka zaidi kwenye kundi kubwa, hata miongoni mwa watu wasiofahamiana. Lakini angalia walivyofika pale. Walikuwa wamejifunza nyimbo zile zile katika vikundi vyao vidogo, kwa majuma, kabla ya kuunganishwa. Wingi ulikuza kitu kilichokwisha kujengwa. Ukipanga tamasha la kwaya za dayosisi au jimbo, igeni hilo: kila usharika upewe nyimbo mapema, na siku ya kuungana msifundishane noti.

Kisha maneno. Hapa Kiswahili kinakupa faida ambayo walimu wengi hawaitumii. Karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, zisizobadilika. Kwaya inayokubaliana namna moja ya kutamka e na o imemaliza nusu ya kazi ya kuchanganya sauti, hasa pale ambapo wanakwaya wamekua na lugha za nyumbani tofauti. Imbeni ubeti mzima kwa irabu zake tu, bila konsonanti, mpaka irabu zote ziwe na umbo moja mdomoni, ndipo mrudishe maneno. Ugumu uko kwenye mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati nyimbo nyingi tulizorithi kutoka kwa wamisionari zilitungwa kwa Kiingereza au Kijerumani, na mistari yake mara nyingi huishia kwa silabi yenye nguvu. Mfasiri alilazimika kuyabana maneno yetu ndani ya tuni hizo, na matokeo yake pigo zito la muziki linaweza kuangukia mwisho wa neno kama Mwokozi, tukasikia zi ikigongwa na ko ikipita kinyemela. Msikilizaji hatakuambia kosa ni nini, lakini maneno hayatamfikia kama maneno anayoyasema kila siku. Dawa yake ni kuusoma ubeti kama mazungumzo, kuweka alama kwenye silabi zenye mkazo wa kweli, kisha kuimba ukizipa hizo uzito na kuzipunguzia nguvu zile ambazo tuni inazibeba kimakosa.

Suala hili la maneno lina historia inayostahili heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu katika liturujia mwezi Desemba 1963, na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa chuo cha Makumira alikusanya nyimbo za maneno ya Kiswahili na tuni za asili za makabila ya Tanzania katika kitabu Tumshangilieni Mungu, kilichotoka mwaka 1968. Wimbo mmoja wa Pasaka wa kizazi hicho, ulioandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 kwa tuni ya Kitanzania, umeingia hadi kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Unapochagua nyimbo za mwaka, tafuta hizo ambamo tuni na neno vilizaliwa pamoja, na uwatengee wanakwaya dakika kumi za kuzungumza juu ya maana: nani anasema katika ubeti huu, anamwambia nani, na kwa nini sasa. Mwanakwaya asiyeweza kujibu maswali hayo anatoa sauti tu, na watu husikia tofauti.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya Kanisa lenyewe, na ni la zamani sana. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, alieleza katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake jinsi nyimbo za kanisa zilivyomliza siku za mwanzo za imani yake kule Milano, na jinsi jambo hilo hilo lilivyokuja kumtia wasiwasi. Aliona kwamba akiguswa na uimbaji kuliko anavyoguswa na kinachoimbwa, amekosea, na siku hizo angependelea asisikie mwimbaji kabisa. Alimkumbuka Athanasio wa Aleksandria, ambaye aliwaagiza wasomaji wa zaburi wapandishe na kushusha sauti kidogo tu, kiasi cha kukaribia kusema. Mwishowe Agostino alikubali uimbaji ubaki, ili hata walio dhaifu wainuliwe kwa kupitia masikio. Hofu yake naichukulia kwa uzito mkubwa, kwa sababu leo tuna njia za kuamsha machozi ambazo yeye hakuziona: kiitikio kurudiwa mara 20, ufunguo kupandishwa ghafla, taa kupunguzwa, kiongozi kulia kwenye maikrofoni kabla hata wimbo haujaanza. Hisia za namna hiyo zinaweza kuwekwa juu ya maneno yoyote. Lakini suluhisho la Athanasio, kubana muziki mpaka ufanane na usemi, linawanyima watu kile ambacho Agostino mwenyewe alikiri kuwa kilimsaidia. Njia iliyo bora ni kuhakikisha hisia haziwezi kufika bila maneno. Pima hivi: baada ya mazoezi, au baada ya ibada, waulize wanakwaya wawili watatu ubeti wa pili ulisema nini. Kama wimbo uliwaliza na hawawezi kukujibu, usiurudie Jumapili ijayo. Rudi mezani na maneno.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yote ya pumzi na irabu na tofauti ndogo za sauti yanamweka Roho Mtakatifu kando. Sioni hivyo. Hatumwambii mhubiri asijiandae ili Roho apate nafasi, na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anataka kuimba kwa roho pasipo kuiacha akili nje. Maandalizi hayamlazimishi Mungu kufanya lolote. Yanaondoa yale yanayomzuia muumini kusikia.

Pingamizi jingine ni la umaskini wa vifaa: hatuna nota, hatuna kinanda, hatuna ukumbi, nusu ya wanakwaya hawasomi muziki. Katika kambi ya Terezín, ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwongozaji Rafael Schächter alikuwa na nakala moja tu ya misa ya wafu ya Verdi, kazi ngumu hata kwa kwaya kubwa za Ulaya. Aliifundisha kwa kusikia, jioni, kwa watu wapatao 150 waliotoka kwenye kazi za kulazimishwa wakiwa na njaa. Treni zilipowachukua waimbaji wake kwenda kwenye kambi za kuulia watu, aliwakusanya wengine na kuanza upya. Waliiimba mara nyingi kati ya mwaka 1943 na 1944. Humo humo kambini wapo waliompinga, wakiuliza kwa nini Wayahudi waimbe misa ya Kikatoliki, na swali lao lilikuwa la haki. Lakini walionusurika wameeleza kwamba saa zile za mazoezi ziliwarudishia utu wao, na kwamba maneno ya hukumu ya mwisho waliyaelekeza kwa waliowafunga. Schächter mwenyewe alipelekwa Auschwitz mwezi Oktoba 1944 na hakurudi. Sitaki kuifananisha hali ya mtu yeyote na ile. Nataka uone kilichobaki pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimeondolewa: sikio, kumbukumbu, na mwalimu aliyekataa kupunguza ubora. Kwa kwaya zetu, kufundisha kwa kusikia ni desturi yenye nguvu, na solfa, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakaileta huku, bado ni njia ya bei nafuu kuliko zote ya kumfanya mtu asiyejua mistari mitano asome sauti yake. Tumia vyote viwili bila kuona haya.

Kuhusu wageni na wenye sauti dhaifu, usiwachuje haraka. Mwaka 2015 Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar wa Oxford walichapisha utafiti uliowafuata kwa miezi saba watu wazima waliojiunga na madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono au uandishi. Waliokuwa wakiimba walikaribiana upesi zaidi mwanzoni. Kufikia mwisho wa miezi hiyo makundi mengine yalikuwa yamewafikia. Nalichukua funzo la pande zote mbili. Mgeni aimbe siku ile ile anapofika, hata kama ni kiitikio tu, akiwekwa kati ya wawili wenye masikio imara, kwa maana mwezi wa kwanza ndio wenye neema hiyo. Lakini usidhani kwamba kuimba peke yake kutaiweka kwaya pamoja kwa miaka. Kwaya za Tanzania zina katibu na mweka hazina, zinachangia harusi, zinamtembelea mwanakwaya aliyelazwa, na Gregory Barz, aliyeziandikia kitabu mwaka 2003, aliona kuwa mambo hayo hayatengwi na muziki wao. Mtu husikiliza kwa makini zaidi sauti ya yule ambaye wiki iliyopita alimpelekea uji hospitalini.

Nimeuacha msiba mwisho kwa sababu ndipo kwaya inapohitajika kuliko mahali pengine, na ndipo makosa huumiza. Mwaka 2004 Gunter Kreutz na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kwaya ya Frankfurt iliyokuwa ikijifunza misa ya wafu ya Mozart. Siku moja wanakwaya waliiimba, siku nyingine walikaa na kuisikiliza ikichezwa. Walipoimba, hali yao ya moyo ilikuwa nzuri zaidi na kingamwili moja ya kwenye mate ikaongezeka. Watu wale wale walipoisikiliza tu, hisia hasi ziliongezeka. Chukua tofauti hiyo hadi kwenye maziko. Kwaya inayosimama na kuwaimbia wafiwa nyimbo nne mfululizo, nzuri, za sauti nne, inaweza kuwa inajifariji yenyewe na kuwaongezea wenye msiba uzito. Kwa hiyo chagua nyimbo zenye kiitikio ambacho kila aliyehudhuria anakijua, na uwageukie watu wakati wa kiitikio ili wajue wanaitwa. Shusha ufunguo kwa toni moja au zaidi kuliko mlivyozoea kanisani, maana koo la aliyelia halipandi, na aliyekesha hana sauti ya juu. Mwendo uwe wa kutembea, usiwe wa kuburuta. Wimbo unaoburutwa unamnyima mtu pumzi pale anapoihitaji zaidi. Mwanakwaya akizidiwa na machozi, anyamaze abaki mstarini, na jirani yake ajue mapema kwamba ni wajibu wake kuushika mstari mpaka mwenzake arudi. Panga wawili wawili kabla ya kwenda. Na ukifika kwenye mkesha, ulizia familia marehemu alipenda wimbo gani. Kama kwaya haiujui, jifunzeni kiitikio chake usiku huo huo, kwa kusikia, na uwaombe wenyeji waongoze beti.